Je, Wajua? Baiskeli Ikilia, Hesabu Kwanza

Je, wajua kuwa sauti ya baiskeli hudanganya kuhusu mahali inakotoka, lakini haidanganyi kuhusu wakati wake? Fremu ya alumini ni mabomba matupu yaliyounganishwa, na mtetemo unaoanzia kwenye nguzo ya kiti hufika chini kwenye ekseli ya krenki papo hapo. Mwendeshaji anasikia "kra" chini ya miguu, anaamini krenki imekwisha, ananunua beringi mpya, na kesho yake "kra" iko palepale. Kabla ya kufungua pochi, hesabu: mlio unarudi kila baada ya nini?

Je, wajua kuwa baiskeli ya gia ina mizunguko mitatu inayokwenda pamoja bila kulingana? Wa kwanza ni wa krenki, yaani miguu yako. Wa pili ni wa gurudumu la nyuma. Wa tatu ni wa cheni yenyewe. Chukua baiskeli ya milimani ya siku hizi, yenye gia moja ya mbele ya meno 32, na nyuma cheni imekaa kwenye meno 16. Krenki ikizunguka mara moja, gurudumu limezunguka mara mbili. Cheni yenye pingili 116 nayo inahitaji mizunguko ya krenki zaidi ya mitatu na nusu ili pingili ileile irudi ilipokuwa. Kwa hiyo "tak" inayokuja kila mguu wa kulia unaposhuka ni ya krenki, pedeli au gia ya mbele. Ile inayopiga, ikapotea mpaka ukaisahau, halafu ikarudi baada ya mizunguko mitatu na kitu, ni ya pingili moja ya cheni.

Na inayopiga mara mbili kwa kila mzunguko? Hapo inaweza kuwa miguu yote miwili, inaweza kuwa gurudumu. Je, wajua namna ya kuvitenganisha? Badili gia. Peleka cheni kwenye meno 50 ya nyuma, gia ya mlima mkali. Sasa gurudumu halifikishi hata theluthi mbili ya mzunguko kwa kila mzunguko wa krenki. Mlio ukiachana na miguu na kuanza kuchelewa, ni wa gurudumu. Ukibaki umeng'ang'ania mguu, ni wa krenki. Jaribio hili halihitaji spana wala shilingi, na mimi naliweka mbele ya kifaa chochote kinachouzwa dukani.

Majaribio mengine ya bure: acha kukanyaga huku baiskeli inateremka. Mlio ukiendelea, cheni na krenki hazina hatia. Simama juu ya pedeli. Mlio ukinyamaza, kagua kiti, reli zake na nguzo yake. Kanyaga kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Shika breki ya mbele ukiwa umesimama, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga "ngo", tazama beringi za usukani. Yote haya hayamalizi dakika kumi.

Je, wajua pingili iliyokaza hujionyesha kwa macho? Pindua baiskeli au iegemeze ukutani, kisha zungusha pedeli kinyumenyume polepole sana, ukitazama kigurudumu cha chini cha diraila, yaani kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Pingili nyingine zote zitapita zikijikunja bila taabu. Ile mbovu itapita ikiwa bado imenyooka nusu, na mkono wa diraila utaruka kidogo, kama milimita mbili tatu, kisha utarudi. Simamisha hapo hapo. Shika cheni kwa mikono miwili, pingili mbovu ikiwa katikati, uikunje kwa upande, kulia na kushoto, kwa nguvu ya wastani. Mara nyingi bamba lililobanwa na pini litaachia na cheni italegea. Chanzo chake kwa kawaida ni pini iliyosukumwa vibaya wakati wa kuunga cheni, au kutu ya baiskeli iliyolala na maji.

Je, wajua kuwa pedeli ya kushoto ina thredi za kinyume? Huifungua kwa kuizungusha kufuata mshale wa saa, ilhali ya kulia hufunguliwa kwa kawaida. Wanaume wawili walioingia katika historia kwa kurusha ndege mwaka 1903, Wilbur na Orville Wright, walikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio, na mwaka 1900 walitangaza pedeli zao za thredi za namna hiyo kuwa hazijifungui zenyewe njiani. Mlio mkavu unaokuja mara moja kwa mzunguko, mahali palepale pa kukanyaga, mara nyingi ni thredi za pedeli zilizokauka. Zifungue, zifute, pakaa grisi, kaza kwa niutoni-mita 35 hadi 40. Kazi ya robo saa imewaokoa wengi gharama ya beringi mpya.

Na je, wajua kuwa kwenye beringi za krenki mambo yanageuka, na sasa upande wa kulia ndio wenye thredi za kinyume? Huo ni mpango wa Waingereza unaojulikana kwa herufi BSA, kifupi cha Birmingham Small Arms, kiwanda cha bunduki kilichoingia pia katika baiskeli. Tundu la krenki la baiskeli ya milimani huwa na upana wa milimita 73, la baiskeli ya barabarani 68. Fundi asiyejua habari ya kulia na kushoto hukaza alichodhani anafungua, na fremu ya alumini haina huruma kwa thredi zilizolazimishwa.

Mwaka 2000 kampuni ya Cannondale ilileta mpango wa BB30, ambapo beringi hubanwa moja kwa moja ndani ya fremu bila thredi. Ekseli ikanenepa hadi milimita 30, uzito ukapungua, na mipango mingine ya kubana ikafuata. Shida ni kwamba tundu lisipokuwa duara kamili, au likiwa pana kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi hucheza kila unapokanyaga, na kuna mlio usiokwisha kwa grisi. Watengenezaji kadhaa wamerudi kwenye thredi. Maoni yangu ni haya: ukinunua baiskeli ya kupita vumbini na matopeni, tafuta yenye thredi. Gramu chache zilizoongezeka hutazisikia. Mlio utausikia kila siku.

Je, wajua ule mlio wa "kraaa" unazaliwaje? Nyuso mbili zilizobanana hushikana, nguvu ya mguu ikizidi zinateleza, zinashikana tena, zinateleza tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Ni fizikia ileile ya upinde unaopita juu ya uzi wa zeze. Ndiyo maana mlio wa namna hii huja pale tu unapotia nguvu mlimani, na ukizungusha krenki kwa mkono nyumbani husikii kitu. Ndiyo maana pia kufuta uchafu, kupaka grisi na kukaza sawasawa huponya milio mingi bila kubadilisha kipuri. Ila nguzo ya kiti ya kaboni usiipake grisi: ina mafuta yake maalumu yenye chembechembe, yanayoongeza mshiko.

Je, wajua kuwa cheni haivutiki? Watu husema cheni "imerefuka", na kweli inarefuka, lakini chuma chake kiko vilevile. Kinacholika ni pini na mahali zinapozungukia, ndani ambako jicho halifiki. Kutoka pini moja hadi ya pili ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Cheni ikilika kwa nusu ya asilimia, kila pingili imeongezeka milimita 0.06 tu, karibu unene wa unywele. Sasa zidisha kwa pingili zote zinazovuta kwa wakati mmoja, uone kwa nini meno yanaanza kulia.

Na hiyo nusu inchi, je, wajua kuwa ni ileile kwenye baiskeli nzito ya kubebea magunia na kwenye baiskeli ya milimani yenye gia 12? Cheni ya rola tunayoitumia leo ilibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Tangu hapo kilichopungua ni upana, kwa kuwa gia za nyuma zimesongamana. Urefu wa pingili ni uleule kwenye baiskeli zote hizo.

Kupima ni rahisi. Chukua futi ya chuma yenye inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha tazama pini ya 24 mbele yake. Cheni mpya itakaa juu ya inchi 12 kamili. Ikipita mstari huo kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, imelika kwa nusu asilimia na kidogo. Kwa gia 11 au 12, huo ndio wakati wa kubadilisha. Kwa gia 10 kushuka chini, wengi huvumilia hadi asilimia 0.75, na kwa baiskeli isiyo na gia hadi asilimia 1. Ukichelewa, cheni iliyorefuka hula meno ya nyuma mpaka yafanane nayo, na hapo hununui cheni peke yake.

Je, wajua kwa nini cheni mpya huruka siku ileile ilipofungwa? Ni kwa sababu hiyo. Meno yaliyochongwa na cheni ya zamani hayaishiki cheni yenye vipimo sahihi. Tazama ni gia ipi inaruka. Karibu kila mara ni ile mwendeshaji anayoipenda, huku nyingine zikishika vizuri kabisa. Muuzaji hajakuuzia cheni mbovu. Gia ndiyo iliyokwisha.

Je, wajua kuwa ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya, wageni huruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na swala? Njia zake zina vumbi laini la ardhi ya volkano, na vumbi hilo ndilo mwalimu mzuri wa somo la cheni. Mafuta yakiwa mengi kwa nje, vumbi hunata na kuwa uji mweusi. Shika rola moja kati ya kidole gumba na cha shahada, izungushe, kisha sugua huo weusi kati ya vidole: utahisi chenga. Chenga hizo ndizo zinazosaga pini. Sauti yake ni "kwaru kwaru" isiyo na mpangilio wa mguu wala wa gurudumu, inayoendelea muda wote unapokanyaga.

Mafuta yanahitajika ndani ya rola na kwenye pini, siyo juu ya mabamba. Tone moja kwa kila rola, zungusha pedeli kinyumenyume, acha yapenye, kisha futa cheni yote kwa kitambaa mpaka iache kuchafua. Wengi huruka hatua hiyo ya kufuta, na ndiyo yenye faida kubwa vumbini. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari, ambayo bado inapakwa kwenye cheni nyingi, huja na chembe za chuma na masizi ndani yake. Mafuta ya taa ni mazuri kwa kuosha, mradi cheni ikauke vizuri kabla ya kutiwa mafuta mapya.

Na lile kopo la WD-40? Lilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa kazi ya kufukuza unyevu, na kati ya matumizi yake ya mwanzo ilikuwa kulinda ganda la roketi za Atlas lisishikwe na kutu. Kwa cheni iliyolowa mvua linafaa kufukuza maji. Lakini filamu inayobaki ni nyembamba mno kwa mzigo wa mguu. Anayelipuliza na kuondoka atasikia "kwi kwi" kabla ya jioni. Tena lisiguse diski ya breki wala pedi zake: pedi zilizonyonya mafuta hupiga kelele na breki hudhoofika.

Hiyo "kwi kwi" nyembamba yenyewe, mara nyingi hutoka kwenye vigurudumu viwili vya diraila. Kigurudumu cha meno 12 huzunguka zaidi ya mara mbili na nusu kwa kila mzunguko wa gia ya mbele ya meno 32, kwa hiyo kikikauka hulia haraka kuliko miguu. Na usishtuke ukikuta kigurudumu cha juu kinacheza kidogo kushoto na kulia. Katika miundo mingi kimeachiwa nafasi hiyo makusudi ili kijipange chenyewe chini ya gia.

Je, wajua kuwa gia ndogo lazima ipige kelele kuliko kubwa, hata ikiwa mpya? Cheni haizungukii duara. Inazungukia pembe nyingi. Kwenye meno 11, mwendo wa cheni hupanda na kushuka kwa asilimia 4 hivi kila jino linaposhika. Kwenye meno 32, haufiki hata nusu asilimia. Anayeendesha muda wote kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma atasikia mngurumo, na dawa yake ni kuhamia gia ya kati.

Je, wajua kuwa waendeshaji wa zamani walitafuta gia kwa masikio? Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ilitoa mfumo wa gia zenye alama za kudumu kwenye vifaa vyake vya Dura-Ace, ambapo mbofyo mmoja ni gia moja. Kabla yake ulisogeza kishikio kidogo kidogo mpaka kelele ikome. Ustadi huo bado una kazi. Ukisikia "takatakataka" ya haraka baada ya kubadili gia, cheni inagusa gia ya jirani. Geuza kirekebisho cha waya nusu mzunguko, sikiliza, geuza tena. Ikikataa gia zote, simama nyuma ya baiskeli utazame kishikizo cha diraila. Kwenye fremu nyingi ni kipande laini kilichofungwa kwa skrubu, kilichokusudiwa kupinda baiskeli inapoanguka ili fremu isivunjike. Kishikizo kilichopinda hakuna waya utakaokirekebisha.

Je, wajua gia ya mbele yenye meno manene na membamba kwa zamu? Kampuni ya SRAM iliiingiza sokoni mwaka 2012 na vifaa vya XX1, ili cheni isitoke bila kuhitaji diraila ya mbele. Idadi ya meno yake lazima igawanyike kwa mbili. Cheni ikirudishwa kwa haraka na kukaa jino moja pembeni, jino nene linaingia penye nafasi nyembamba, na cheni hupanda juu ya meno ikiunguruma. Wengi hudhani kimevunjika kitu. Inua cheni, isogeze jino moja, basi.

Je, wajua kuwa tiki-tiki ya friwili unapoteremka ni afya? Ni vikucha vidogo vinavyopita juu ya meno ya ndani. Ogopa zaidi friwili iliyokuwa ikilia ikanyamaza baada ya kujazwa grisi nzito. Vikucha vilivyoganda huchelewa kushika, na siku moja unakanyaga kwa nguvu mguu unakwenda chini bila kupata kitu.

Milio mingine haina uhusiano na cheni kabisa: diski iliyopinda inayogusa pedi "shii" mara moja kwa mzunguko wa gurudumu, kijiwe kilichonasa kwenye tairi, ncha ya waya wa gia inayopigwa na spoki, spoki mbili zinazosuguana zinapopishana. Zikague kwanza, kwa sababu ni za dakika moja.

Je, wajua kuwa kabla ya diraila kuzoeleka milimani, kilichowasumbua vijana wa Marin County, California, kilikuwa grisi? Oktoba 1976 walianza mbio za kuteremka zilizoitwa Repack, kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ndani ya habu ya nyuma. Habu ilipata moto mpaka grisi ikatoka moshi, na kila mteremko uliwalazimu kuifungua na kuijaza upya. Joe Breeze na Gary Fisher walikuwa miongoni mwao. Miaka 20 baadaye, mchezo wa baiskeli za milimani uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Na je, wajua kuwa cheni ni moja ya mashine zinazopoteza nguvu kidogo mno? Mwaka 1999 kundi la James Spicer katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lilipima cheni kwa vifaa vya maabara na kamera ya joto, likapata ufanisi uliofika asilimia 98.6. Kwa hiyo mlio wenyewe haukuchoshi miguu. Thamani yake ni kukuonyesha kinacholika au kilicholegea, mapema.

Mlio mmoja tu haungoji mwisho wa safari. Ni "ngo" nzito ya mara moja au mbili kwa mzunguko, unayoihisi mguuni kabla ya kuisikia, kwenye baiskeli ambazo krenki ya alumini imefungwa juu ya ekseli ya pembe nne. Shika krenki zote mbili kwa mikono, zitikise kwa upande. Zote zikicheza pamoja, ni beringi, na unaweza kurudi nyumbani taratibu. Ikicheza moja tu huku nyingine imetulia, bolti yake imelegea: shuka, kaza hapo hapo, au isukume baiskeli. Ekseli ni chuma kigumu na krenki ni alumini laini, na kilomita chache za kukanyaga hivyo hupanua tundu la pembe nne mpaka liwe karibu duara. Likishafika hapo, hata ukaze bolti namna gani, krenki hiyo haitashika tena.